Khabari za Litowa, Kijiji cha Wakulima katika Nchi ya Mto Ruvuma

Kila msimu unapokaribia, majamvi yanapotolewa darini na kukung'utwa vumbi, mwanachama hujiuliza mambo mawili: bei itakuwa ngapi mwaka huu, na chama chake kinamfanyia nini. Hilo la pili ndilo lililotufanya tuandike khabari za mahali pa mbali, ambapo karafuu hazilimwi wala hazijulikani ila katika pilau. Wakulima wa huko waliwahi kuunda chama chao kwa mikono yao wenyewe, kikasifiwa nchi nzima, kisha kikafutwa kwa uamuzi wa siku moja. Twadhani khabari hii yafaa ijulikane kwetu.

Mahali penyewe ni Litowa, kijiji kidogo cha Songea, mkoa wa Ruvuma, kusini mwa Tanzania bara. Katika ramani nyingi hakimo. Atokaye Unguja huvuka bahari mpaka Dar es Salaam, hushika njia ya Iringa mpaka Makambako, kisha hugeuka kusini kwa kupitia Njombe, mwendo wa kilomita zipatazo 300, ndipo afike Songea mjini. Toka hapo bado ana safari ya kuingia mashambani. Siku hizi njia hiyo kubwa ina lami, nayo ilitiwa katika miaka ya 1980. Wakati wa mambo tutakayoyaeleza ilikuwa udongo mtupu, na gari likinasa matopeni wakati wa mvua, hunasa na mzigo wake.

Mto Ruvuma chanzo chake kimo katika milima ya Matogoro, ambayo mtu akisimama Songea mjini huiona. Mto huu una tabia ya ajabu. Hauelekei baharini moja kwa moja, bali kwanza hwenda magharibi kama unaotaka kuingia Ziwa Nyasa, kisha hupinda kusini, halafu hupinda tena mashariki. Toka hapo huwa ndio mpaka wa nchi yetu na Msumbiji, mpaka unapomwagika baharini upande wa Mtwara. Urefu wake wote ni kilomita zipatazo 800. Na vilima vya Songea ni mgawanyo wa maji, kwani mvua inyeshayo upande mmoja huingia Ruvuma, inyeshayo upande wa kaskazini huingia Luwegu na kufika Rufiji, na ya magharibi huteremka kwa mto Ruhuhu mpaka Ziwa Nyasa.

Nchi hiyo imeinuka, Songea yenyewe ikiwa juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,000, na mwezi wa Juni na Julai watu huota moto asubuhi. Mvua ni moja tu kwa mwaka. Sisi tuna masika na tuna vuli, na mkulima akikosa huku hutazamia kule. Wao mvua huanza Novemba au Disemba na hukatika Aprili au mwanzo wa Mei, na baada ya hapo hawaoni tone mpaka mwisho wa mwaka. Aliyechelewa kupanda amechelewa kwa mwaka mzima. Pori ni la miombo, na udongo mahali pengi ni mwepesi na huchoka upesi, kwa hivyo wazee walikuwa wakifyeka, wakichoma moto, wakilima misimu michache, kisha wakahama na kuuacha upumzike. Mabondeni, kandokando ya mito na vijito, unyevu hubaki hata wakati wa kiangazi, na huko ndiko hupandwa maharage, mboga na mahindi ya mapema. Ndiyo maana ukitazama vijiji vya nchi ile utaona vimefuata maji.

Kabla ya kuingia katika khabari ya Litowa, hatuna budi kutaja jambo moja linalotuhusu sisi watu wa visiwani. Katika karne ya 19 njia za misafara ya watumwa zilitoka nchi za Ziwa Nyasa, zikapita katika nchi za kusini, zikafika Kilwa Kivinje, na kutoka Kilwa majahazi yakaleta watu Unguja na Pemba. Wengi wao walitiwa katika mashamba ya karafuu. Baada ya dhoruba ya mwaka 1872 kuangusha mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ikapanda zaidi, na kazi ikahitaji watu zaidi. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe ukaondolewa kwa sheria mwaka 1897. Watu walioitwa Wanyasa, Wayao na Wangindo walibaki hapa, wakaoa, wakazaa, na wajukuu wao wamo katika daftari la wanachama wetu. Kwa hivyo mtu akituuliza Songea inatuhusu nini, jawabu ni kwamba baadhi ya mikono iliyopanda mikarafuu yetu mikongwe ilitoka upande huo.

Nchi ya Songea iliingiwa na Wangoni katikati ya karne hiyo, watu waliotoka kusini ya mbali na kuvuka mto Zambezi mwaka 1835. Walisimamisha dola mbili, ya Njelu na ya Mshope. Mji wa Songea umechukua jina la Songea Mbano, jemadari wa Njelu. Vita vya Majimaji vilipozuka mwaka 1905 Wangoni waliingia, Wajarumani wakawashinda, na mapema mwaka 1906 wakawanyonga wakubwa wao wengi, Songea Mbano akiwemo. Kila tarehe 27 Februari mji ule hukumbuka siku hiyo. Lakini waliokufa kwa kamba walikuwa wachache kuliko waliokufa kwa njaa, maana majeshi yalichoma maghala na mashamba, na watu wakala mizizi. Baada ya vita nchi ikabaki maskini. Wanaume wakawa wanatoka kwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga na kwengineko, na waliobaki wakalima chakula na tumbaku ya kukausha kwa moshi. Mwaka 1936 wakulima wa tumbaku wa huko walipata chama chao cha kuuzia, Ngoni-Matengo, ambacho watu walikifupisha wakakiita NGOMAT. Kwetu chama cha wakulima wa karafuu kiliwekwa chini ya sheria na serikali ya Kiingereza mwaka 1934, miaka miwili tu mbele. Utaona kwamba vyama vyote viwili vilianzia juu vikateremshwa kwa mkulima. Cha Litowa kilianzia chini.

Mwisho wa mwaka 1960, uhuru wa Tanganyika ukiwa unakaribia, vijana wa TANU wa Songea waliamua kwamba hawatakwenda tena kuwa manamba mkongeni. Kiongozi wao alikuwa Ntimbanjayo Millinga. Wakachagua mahali porini, Litowa, wakaingia na mashoka. Jaribio la kwanza lilishindwa. Sababu yake kila mkulima ataifahamu bila ya kuelezwa sana, nayo ni kwamba shamba jipya la miombo haliwezi kumlisha mtu katika miezi ya kwanza. Miti iangushwe, ikauke, ichomwe, matuta yapigwe, mbegu zitiwe mvua zikianza, na mavuno hayapatikani mpaka karibu na Mei. Toka Januari mpaka Machi ndiyo miezi ya njaa hata kwa mwenye shamba la zamani, seuze mgeni aliyeingia porini na kibaba cha unga. Chakula kikawaishia, wakatawanyika.

Walirudi tena. Safari hii Millinga alikuwa amepata masomo katika Chuo cha Kivukoni, Dar es Salaam, na wenziwe walikuwa wamejifunza kwa tumbo kwamba chakula kitangulie. Wakapanda kwanza cha kula. Wake na watoto wakawafuata baadaye, nyumba zilipokuwa zimesimama. Mwaka 1963 akaja kukaa nao Mwingereza mmoja, Ralph Ibbott, pamoja na mkewe Noreen na watoto wao. Alikuwa amekaa Rhodesia ya Kusini katika shamba la misheni ya St Faith's, mahali ambapo weusi na weupe walijaribu kulima pamoja. Huko Litowa hakuwa msimamizi, bali mshauri, na waliomjua wanasema alikuwa na tabia ya kungoja watu waulize ndipo aseme. Twaona jambo hili lilikuwa na faida kubwa kuliko fedha aliyosaidia kuipata ng'ambo, kwani sote tumeona washauri wanaofika na jawabu mfukoni.

Mpango wa kazi haukuwa na siri. Shamba kubwa lilikuwa la wote. Kijiji kilichagua kamati yake na meneja wake, na wanakijiji wakakutana mara kwa mara kusikiliza hesabu na kugawana kazi, nani aende shambani, nani afyatue matofali, nani atazame mifugo, nani alinde mahindi na nguruwe na nyani. Wanawake walikaa mkutanoni na wakasema, jambo lililowashangaza jirani zao wengi. Mapato yaligawanywa kwa kadiri walivyokubaliana wenyewe, na baadhi yakazuiliwa kwa ajili ya kazi za mbele. Zingatia hilo la kusikiliza hesabu. Mtu asiyejua kusoma aliketi pale akasomewa kilichouzwa, kilichonunuliwa na kilichobaki, na akiona shaka huinuka akauliza.

Vijiji vya jirani vilipoona, vikaanza kufanya vivyo hivyo, na vikaungana na Litowa katika chama kilichochukua jina la mto, yaani Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, kilichojulikana zaidi kwa herufi za Kiingereza RDA. Mwisho wake kilikuwa na vijiji 17. Vilikuwa vidogo, vyengine vya nyumba chache tu, na jumla ya watu wake haikuzidi mamia kadha ya jamaa. Kijiji kipya kikitaka kuanza, wanachama wenye uzoefu walitumwa kwenda kukaa nacho na kukifundisha kwa kufanya kazi pamoja. Huo ndio uliokuwa ubwana shamba wao.

Sasa tufike katika jambo ambalo wenye mikarafuu watalielewa upesi. Mahindi ya Songea wakati ule yalikuwa na bei ndogo, kwa sababu ya ile njia ya udongo tuliyoitaja. Gunia la mahindi likisafirishwa mpaka pwani, nauli huila bei. Kwa hivyo chama kikajipatia mashine ya kusaga nafaka mjini Songea. Mkulima akiuza mahindi huuza mara moja tu, lakini chama chake kikiyasaga huuza unga, na pumba hubaki kwa mifugo, na ile faida ambayo zamani ilikuwa ya mwenye mashine humrudia aliyeshika jembe. Baadaye wakawa na kiwanda cha kupasulia mbao, na karakana, na wakaanza kufuma sufu. Kwetu twajua thamani ya jambo hili kwa makonyo. Aliyetupa makonyo jaani na aliyeyapeleka yakakamuliwa mafuta si watu wa hali moja. Mashine ile ya Songea ndiyo iliyokitia chama fedha yake yenyewe, na mwenye fedha yake yenyewe huweza kusema hapana.

Litowa palikuwa na skuli pia, ya watoto wa vijiji vyote vya chama. Watoto walikaa huko huko, wakasoma na wakalima, na walichokilima ndicho walichokila. Hawakufundishwa ili wakimbilie mjini, bali wazazi walisema wazi kwamba wanataka watoto watakaorudi kijijini wakiwa na akili zaidi ya wazee wao. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwezi wa Machi 1967, walioijua skuli ile waliona mawazo mengi wanayoyafahamu. Na mwezi wa Septemba mwaka huo huo, alipoandika juu ya ujamaa vijijini, alieleza vijiji vya watu wanaoanza kwa hiari yao, wachache kwa wachache, wakijiamulia wenyewe. Mfano wa namna hiyo ulikuwa tayari Songea. Raisi alikwenda kuvitazama, akapendezwa, na watu wakapelekwa huko kutoka mikoa mingine wakajifunze.

Ni vizuri tulinganishe na kazi nyingine ya miaka hiyo. Serikali ilianza toka 1963 kuwahamisha wakulima katika makazi mapya, kwa matrekta, nyumba za bati na mameneja wa mshahara. Gharama ilikuwa kubwa mno kwa kila kijiji, walowezi wakaona ni mali ya serikali na deni la serikali, na mwaka 1966 mpango ukasimamishwa. Litowa ilianza na mashoka, na kwanza ikafa njaa, lakini shamba walilifyeka wenyewe na kila mmoja alijua ni lake.

Hatusemi kwamba chama kile hakikuwa na kasoro. Fedha ya ng'ambo ilikisaidia katika mambo makubwa, na wageni walikuwa karibu nacho kuliko ilivyopendeza kwa wakubwa wengi. Wakulima wengi wa Songea hawakujiunga, waliona afadhali kila mtu na shamba lake, na hilo ni haki yao. Tena vita vya ukombozi vya Msumbiji vilikuwa vimeanza mwaka 1964 ng'ambo ya Ruvuma, wakimbizi wakaingia Songea, na mkoa wa mpakani hutazamwa kwa jicho kali. Lakini palipokuwa na uzito hasa ni mahali pengine. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 kila mkoa ulitakiwa uwe na vijiji vya ujamaa, na wakubwa wa mikoa wakawa wanahesabiwa kwa vijiji walivyovianzisha. Hapa palikuwa na vijiji vilivyokwisha kuanzishwa, ambavyo havikungoja amri. Mkubwa akisema limeni tumbaku, wanakijiji husema tutajadiliana katika mkutano. Jawabu hilo lina adabu, lakini si kila mkubwa humeza jawabu la namna hiyo.

Tarehe 24 Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikata shauri kwamba chama cha Ruvuma kivunjwe, na kwamba tangu hapo kazi ya vijiji vya ujamaa iwe mkononi mwa TANU yenyewe. Khabari ikapelekwa Songea. Mashine ya kusaga, kiwanda cha mbao na mali nyingine za chama zikachukuliwa. Washauri wageni wakaondoka nchini. Walimu wa skuli ya Litowa wakahamishwa, na watoto wa vijiji vyengine wakarudi kwao. Vijiji vyenyewe havikufutwa, na mtu hakunyang'anywa jembe lake. Kilichoondoka ni kile kilichoviunganisha, yaani mashine, skuli, na mkutano wa pamoja.

Mwanachama atauliza, Mwalimu Nyerere alikipenda chama hiki, kwa nini basi kikavunjwa yeye akiwapo? Wajumbe wengi wa Kamati Kuu hawakukitaka, naye hakuwapinga mpaka mwisho. Hayo yamekwisha andikwa na watu wengi, Ibbott mwenyewe akiwemo, ambaye kitabu chake juu ya vijiji hivyo kilitoka mwaka 2014. Sisi tunalotazama zaidi ni kwamba chama kilikuwa na hesabu safi, na faida, na wanachama wanaokielewa, wala hakikuwa na pahala pa kushitaki siku kilipofutwa. Hapakuwa na sheria waliyoweza kuishika mkononi wakasema, hii mashine ni yetu.

Mambo yaliyofuata yanajulikana. Toka 1973 watu wa bara walitakiwa wote wahamie vijijini ifikapo mwisho wa 1976, wapende wasipende, na mahali pengi magari ya serikali yaliwabeba na vitu vyao. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vya wakulima navyo vikavunjwa, mpaka sheria ilipoviruhusu tena mwaka 1982. Songea kwa upande wake ikapata bahati ya namna nyingine. Katikati ya miaka ya 1970 serikali ilianza kununua mahindi kwa bei moja nchi nzima, bila ya kutazama nauli, na mbolea ikapelekwa, kisha lami ikafika. Ruvuma ikawa miongoni mwa mikoa minne ya kusini na magharibi inayotegemewa kwa mahindi, pamoja na Iringa, Mbeya na Rukwa. Gunia ambalo zamani nauli iliimaliza bei yake likawa mali.

Katika vijiji 17 vya chama kile, kimoja kiitwacho Matetereka, upande wa njia ya Njombe, kiliendelea kulima shamba la pamoja kwa miaka mingi baada ya 1969, bila ya mashine na bila ya mshauri, kwa sababu wenyewe walikuwa wamezoea hivyo na mkutano wao haukuacha kukaa. Litowa nayo ipo. Mvua za mwisho wa mwaka zikianza, watu wa nchi ile ya Ruvuma hupiga matuta yao na kupanda mahindi, kila nyumba shamba lake.